Kuhamia Kolwezi: kupanga nyumba ao kununua lupango?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba munaobaki Likasi ao Lubumbashi wakati bwana anapanda basi ya Kolwezi: kuna ulizo moja linafika kwenye biro yetu ya sendika karibu kila mwezi, siku mbili tatu nyuma ya mshahara. Mtu anaingia, anakaa, anazungusha kofia ya kazi mikononi, kisha anasema: «Delege, kampuni imenihamisha. Nipange nyumba kule, ao ninunue lupango kabisa?»

Sisi tunamjibu kwa ulizo lingine: «Kontra yako ni ya namna gani?» Wengi wanakasirika kidogo. Wamekuja kuzungumza mambo ya nyumba, sisi tunawaomba karatasi ya kazi. Lakini mambo yanaanzia pale.

Wazazi wetu hawakuwa na ulizo hili. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, ilijenga makambi karibu na kila mine, na kuanzia miaka ya 1920 ikaruhusu wanaume walete bibi na watoto. Nyuma yake Gécamines ikaendelea vilevile. Ulikuwa unahamishwa kutoka Kipushi ao Kambove kwenda Kolwezi, lori ya kampuni inabeba vitanda na masufuria, unafika unapewa ufunguo. Nyumba ilikuwa ndani ya kazi, kama vile unga na shule. Ubaya wake tuliuona kisha: kazi ikiisha, nyumba nayo ilikuwa mashakani. Mwaka 2003 na 2004, wakati wa ile «kuondoka kwa mapenzi», wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha Gécamines, na jamaa nyingi zilijua siku ile tu kama zile kuta walizopaka chokaa kila Noeli zilikuwa zao ao hapana.

Leo makampuni ni mengi, kambi hakuna, na kila mtu anajitafutia. Tena tangu 2015 Katanga ilikatwa vipande vine: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Likasi na Kolwezi ziko mbali kwa kilomita kama 180 tu, lakini sasa unatoka provensi moja unaingia ingine, na karatasi za udongo uliozoea kufuatilia Likasi haziko kwa konservatere yule yule wa Kolwezi. Watu unaowajua wamebaki nyuma. Mgeni anadanganywa haraka kuliko mwenyeji, na sisi tunalijua hilo kwa kichwa chetu wenyewe.

Sisi tulihama kutoka Likasi. Kampuni ilitupatia siku kumi na tano. Mama alibaki na watoto mpaka mwisho wa mwaka wa shule, sisi tukaingia chumba kimoja Manika pamoja na wenzetu wawili wa posti ya usiku. Ilikuwa vyema hivyo, juu mmoja akilala wengine wako kazini. Nyuma ya miezi mitano tukachoka. Tukasema: pesa hii tunatupa kila mwezi kwa mwenye nyumba, heri tununue. Komisionere mmoja akatuonyesha lupango nzuri, ukuta wa matofali upande mbili, kisima, mwembe. Bei ilikuwa chini kidogo ya zile zingine za avenyu ile. Hapo njo tungepashwa kushituka, lakini mtu mwenye hamu hashituki.

Tulitoa avansi ya dola 500. Mwenye kuuzisha alikuwa na karatasi mkononi, yenye mhuri, jina lake juu. Tukampigia Mama simu Likasi aje aone. Alifika Jumamosi, akazunguka lupango mara moja, akaonja maji ya kisima, kisha akamgeukia yule bwana: «Na bibi yako, Papa, iko wapi? Yeye anajua?»

Yule bwana akacheka, akasema mambo ya udongo ni ya wanaume. Mama hakucheka. Akatuambia kwa njia ya kurudi: «Baba, usimpe hata falanga moja tena mpaka nione ule mwanamke.» Tulimwona, lakini tulimfuata mpaka Lubumbashi. Alikuwa hajui kitu. Tena lupango ile ilikuwa bado ya uriti: baba mkwe amekufa, watoto sita, na bwana yule hakuwa hata mmoja wa wale sita. Ile dola 500, mbele ya shefu wa kartie, nyuma ya miezi saba, tulirudishiwa 300. Zingine 200 tunazihesabu kama pesa ya shule.

Kodi ya jamaa ya 1987, ile iliyorudiliwa mwaka 2016, katika artikle 499 inaomba mapatano ya bibi na bwana wote wawili mbele ya kuuzisha udongo ao nyumba, hata kama walioana kwa utaratibu gani wa mali. Sini moja haitoshi. Mwanaume akikuuzishia peke yake, siku bibi anaamka, anaweza kukupeleka kwa tribinali, na wewe njo utakuwa nje. Sisi tulisoma artikle ile nyuma. Mama hakuisoma hata siku moja, aliuliza tu.

Turudi kwa kontra. Kodi ya kazi ya 2002 inasema kontra yenye mwisho haiwezi kupita miaka mbili. Na kama mfanyakazi ameoa na kazi inamtenga na jamaa lake, haiwezi kupita mwaka mmoja. Rudilieni kusoma ile ya pili, juu wengi hawaijui: kijana ameacha bibi na watoto Likasi, anapewa kontra ya miaka mbili Kolwezi kwenye kampuni ndogo ya sutretansi, na hakuna mtu anayesema kitu. Basi mtu wa namna hii, akituuliza kama anunue, tunamwambia hapana. Si sababu hana pesa. Ni sababu miezi kumi na mbili si muda wa kumaliza hata karatasi za udongo, wacha kujenga. Kazi ikikatika, atauzisha kwa haraka, na anayeuzisha kwa haraka katika mji wa mine anauzisha wakati wote wanauzisha. Tuliona 2008 mwishoni, bei ya kobalti na shaba ilipoanguka na makampuni mengi yakafunga mlango: lupango zilikuwa zinatembezwa kama samaki ya jioni. Tuliona tena Mutanda iliposimama mwisho wa 2019. Na mwaka 2025, serikali ilipofunga kutosha kobalti nje tangu mwezi wa pili, mpaka ikaweka vipimo kwa kila kampuni katika mwezi wa kumi, watu waliuliza kila asubuhi kama posti yao ingaliko.

Kwa hiyo mwenye kontra fupi apange. Mwenye kontra isiyo na mwisho, na kampuni yake ina mine yake yenyewe, si kazi ya kukopeshwa, yeye anaweza kuanza kufikiri.

Lakini mbele ya kupanga ao kununua, kuna mlango mmoja watu wanausahau. Kodi ya kazi inasema mfanyakazi akihamishwa, ao akiandikwa mbali na pahali pa kazi, kampuni inapashwa kumpatia nyumba ya kufaa yeye na jamaa lake. Isipompatia nyumba, imlipe pesa ya nyumba inayoeleka. Angalia biltini yako ya mshahara. Kama ile laini ya lojema iko pale na ni ndogo ya kuchekesha, njoo na biltini kwa delege wako. Na wakati unahamishwa, usitie sini kwenye karatasi inayosema unahama «kwa ombi lako mwenyewe» kama haukuomba. Tumeona karatasi hiyo. Maneno manne yale yanaweza kukupotezea nyumba na safari ya vitu vyako.

Sasa tuseme umepanga. Tuandike tarakimu za mfano tu, kila mtu abadilishe na zake. Nyumba ya vyumba viwili, dola 200 kwa mwezi. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi sita, ni 1,200. Komisionere anataka mwezi mmoja, 200. Mwezi wa kwanza wenyewe, 200. Mbele ya kutundika pazia umetoa 1,600. Na sheria inasema namna gani? Sheria ya tarehe 31 desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga za kukaa ilikata garanti kwa miezi mitatu. Kwa mfano wetu ni 600. Ile 600 ingine mwenye nyumba anaichukua juu ya mapenzi yake, na sababu sisi tunakubali.

Tunajua mutasema: nikimwambia sheria, atampatia mtu mwingine ufunguo. Kweli. Kolwezi nyumba ni chache, watu wanaofika ni wengi, na hakuna mwenye nyumba anayeogopa gazeti. Sisi wenyewe tulitoa miezi mitano, tukanyamaza. Lakini kile ambacho unaweza kupata hata pale soko ni mbaya, ni karatasi. Kontra ya nyumba iandikwe, ipitishwe kwa biro ya abita ya komini, na hesabu ya garanti iandikwe ndani kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na resi. Siku unatoka, kama hauna resi, ile garanti imegeuka kuwa zawadi. Andikeni tena nani analipa SNEL na REGIDESO, na deni la zamani liko ngapi. Tulipoingia nyumba yetu ya pili tulikuta fakitire ya umeme ya miaka miwili inatungoja kwenye mlango kama mbwa. Na kama mwenye nyumba anataka kukufukuza kwa neno la mdomo Ijumaa jioni, usibebe godoro. Nenda kwa abita ya komini kwanza. Haiko kazi yake kutupa watu nje kwa mkono wake mwenyewe.

Kununua nako. Hapa tutakaa kidogo, juu njo pahali watu wetu wanapotezea dekonti finali nzima.

Kwanza mujue kama udongo wa Kongo ni wa serikali. Sheria ya udongo ya tarehe 20 julai 1973 njo inasema vile. Wewe haununui udongo, unanunua haki ya kuutumia. Kwa mtu wa Kongo haki hiyo inaweza kuwa ya daima. Kwa mgeni ni ya muda, miaka 25 inayoweza kurudiliwa. Na haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja tu: sertifika ambayo konservatere anaiandika katika kitabu chake. Fishi ya kartie si sertifika. Karatasi ya shefu wa mila si sertifika. Akti ya kuuzishiana muliyotiana sini kwenye meza ya bare, na mashahidi wanne na chupa sita, haiko sertifika hata siku moja. Kontra ya miaka tatu ambayo serikali inakupatia ili ujenge nayo si mwisho wa safari; usipojenga, wanaweza kuichukua tena. Wakati una sertifika yenyewe, na miaka mbili imepita, hakuna mtu anayeweza kuishambulia tena kwa urahisi. Kwa hiyo mtu akikuambia «iko na dokima yote», muulize kwa jina: iko na sertifika, ndiyo ao hapana? Nambari gani? Kisha usiamini karatasi anayokuonyesha yeye. Peleka nambari kwa konservatere mwenyewe, aangalie kitabu, akuambie jina gani liko mule, na kama hakuna deni ya banki ao kesi ya tribinali juu yake. Fundi wa kadastre aje kupima mipaka mbele yako. Tunajua mwenzetu mmoja wa foreze aliyenunua mita 20 kwa 30 na akapimiwa 20 kwa 22. Zile nane zilikuwa ndani ya ukuta wa jirani tangu zamani, na jirani njo alikuwa na sertifika.

Lupango za pembeni ya mji, zile shefu wa mila anakata kwa kamba, ni bei ndogo na zinavuta macho. Hatusemi musinunue. Tunasema ile pesa unayompa shefu ni mwanzo, si mwisho. Ukitoka kwake bado una kadastre, bado una konservatere, na kila mlango una bei. Mtu anajumlisha bei ya shefu peke yake, anafurahi, anajenga, nyuma ya miaka tatu anaona alama ya rangi nyekundu kwenye ukuta.

Na rangi nyekundu, wandugu, Kolwezi haiko mchezo. Mji huu umelala juu ya madini. Konstitisio ya 2006 na kodi ya mine ya 2002, iliyobadilishwa 2018, zinasema kilicho chini ya udongo ni cha serikali, na haki ya mine ni kitu kingine kabisa na haki ya lupango. Sertifika yako inafika kwenye mizizi ya mwembe, chini yake hapana. Munakumbuka Kasulo. Mwaka 2014 watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao, na kwa miezi michache kartie nzima ilikuwa mashimo, hata ndani ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta, nyumba zikabomolewa, wenyewe wakalipwa ao wakahamishwa. Na kwenye Cité Gécamines, kule ambako wazee waliamini wamefika mwisho wa safari, mine imepanuka mpaka mlangoni na jamaa nyingi zimepashwa kuondoka.

Sheria inaomba kampuni ilipe mwenye kukaa juu ya udongo kwa haki. Lakini ona neno lile: kwa haki. Mwenye sertifika anaketi upande mmoja wa meza, mwenye karatasi ya kartie upande mwingine, na lokatere anasimama mlangoni. Sisi tuliingia katika mazungumzo ya namna hii kusaidia wenzetu, na tuliona mpangaji aliyekaa miaka kumi anapewa kidogo sana, ao kitu hapana, wakati mwenye nyumba anayekaa Lubumbashi anapewa yote. Kwa hiyo hata kupanga kuna hatari yake katika kartie iliyo karibu na mine. Mbele ya kulipa, mtume kijana mwenye intaneti nzuri afungue ramani ya kadastre ya mine, CAMI, aone pérmi gani imefunika kartie ile na ni ya nani. Karibu Kolwezi yote imefunikwa na kitu, musishituke na kila rangi. Ulizo ni kama kampuni ile inachimba sasa, na shimo lake linatembea kwa upande gani.

Kosa kubwa tunaloona, kuliko yote, ni kuuzisha nyumba ya Likasi ao ya Lubumbashi ili kununua Kolwezi. Kosa hilo ni la pupa. Unakata mti wa zamani mbele ya kupanda mpya. Wakati wetu Mama alikataa kabisa. Alisema: «Nyumba ile Baba yako alikufa ndani yake. Watoto wakifukuzwa kule, watarudi wapi?» Tulikasirika, tukanyamaza siku mbili. Kisha tukaandika hesabu pembeni ya daftari ya shule. Nyumba ya Likasi tukaipangisha kwa fundi mmoja wa reli, dola 90. Ya Kolwezi tunalipa 200. Tofauti ni 110 kwa mwezi, na pesa ya lojema ya kampuni, nyuma ya kuigombania pamoja na wenzetu, inafunika sehemu kubwa ya 110 ile. Kwa njia hiyo tunakaa Kolwezi bila kuwa watu wa Kolwezi, na hatujapoteza kitu kinachorudisha watoto nyumbani.

Kuna wenzetu wanaotucheka. Wanasema: delege, miaka sita unalipa nyumba ya mtu, wewe unasemea watu haki na hauna hata tofali. Wana sehemu ya ukweli. Kodi tumelipa miaka hiyo yote ingetosha kununua lupango ndogo huko pembeni ya mji, bila mashaka. Mmoja wao alinunua mapema, kwa karatasi safi, mbali na shimo, na leo bibi yake anauzisha mikate mbele ya mlango wake mwenyewe na hakuna wa kumpandishia bei. Tunamsifu. Yeye alikuwa na vitu vitatu ambavyo sisi hatukuwa navyo: kontra isiyo na mwisho tangu siku ya kwanza, kaka ambaye ni fundi wa kadastre, na bibi aliyekubali kuhama kabisa. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo, asijifananishe naye.

Mwaka jana tulianza tena kutafuta. Safari hii Mama njo anatangulia. Anaingia kwa konservatere na nambari imeandikwa mkononi, anauliza jina, anatoka. Lupango tatu zimekataliwa: moja ilikuwa ya uriti, moja iko mita mia nne na kitu kutoka ukuta wa mine, ya tatu bibi wa mwenye kuuzisha alikuwa Kinshasa na hakutaka kutuma sini. Ya ine iko njiani kuelekea Likasi, nje ya rangi za ramani, sertifika iko, bibi na bwana wote wawili tulikunywa nao maji. Fundi wa kadastre anakuja Alhamisi kupima. Mwezi huu, bado, tumelipa zile dola 200.